Mjadala: Mfanyabiashara mdogo wa kijijini alelewe na nani, mtaalamu au mwenzake wa sokoni?

Wakuu, hoja ninayo, nipingeni.

Semina za biashara vijijini tunazijua. Mtaalamu anakuja na makabrasha, siku tatu za kufundisha mizania na mpango wa biashara, vyeti vinagawiwa, gari linaondoka. Mwezi haujaisha, lile daftari la mahesabu limejaa majina ya wadaiwa, na mwenye biashara anakula mtaji kama zamani. Mimi nasema fedha hizo wapewe wafanyabiashara wazoefu wa eneo hilohilo, wawalee wachanga.

Ushahidi upo. Watafiti walilijaribu Dandora, Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Wanawake wenye biashara changa waligawanywa: wengine waliingia darasani, wengine kila mmoja akapewa mwenzake mzoefu wa hapohapo. Waliolelewa faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 20. Darasa halikuongeza faida. Na siri haikuwa kubwa: waliambiwa mzigo wa bei nafuu unapatikana wapi. Hilo mtaalamu wa kutoka mbali atalijulia wapi?

— Mkuu, umeruka kipande. Walipoacha kukutana, faida nayo ilirudi chini. Halafu Dandora ni jijini, watu hawahesabiki. Kijijini wateja ni walewale, tunawajua mpaka kwa jina. Nikikuonyesha ninakochukua mzigo, kesho unafungua mkabala na mlango wangu. Nani amlee mshindani wake?

— Naongezea. Msilitupe darasa lote. Togo walilinganisha mafunzo mawili, utafiti ukatoka mwaka 2017, biashara 1,500. Mafunzo ya kawaida ya uhasibu na masoko hayakuleta tofauti ya kuaminika. Yale ya kumjenga mtu athubutu, atafute fursa kabla ya wenzake, aweke lengo na kulifuatilia, yalipandisha faida kwa asilimia 30. Kwa hiyo kosa si kukaa darasani, ni kinachofundishwa humo. (Ingawa nako kulikuwa Lomé, jiji vilevile. Kijiji kinasubiri zamu yake!)

— Mwenye mada narudi. La ushindani mmenibana, nakubali. Basi mlezi asiuze bidhaa ileile, au atoke kijiji cha pili ambako wateja hawagongani. Fundi cherehani na muuza mbegu hawagombanii mteja, lakini wote wanajua maumivu ya kukopesha mpaka mavuno, na wanajua namna ya kumnyima ndugu mkopo bila kuvunja udugu. Somo hilo sijaliona kwenye kabrasha lolote.

Tena yuko mtu tunamsahau: muuzaji wa jumla. Yeye nikikua, anauza zaidi. Anatoa mali kauli, yaani mzigo unaolipwa baada ya kuuzwa, kwa hiyo anajua nani analipa kwa wakati na nani anazungusha, na hahitaji posho ili anifuatilie. Mnaonaje huyo ndiye awe mlezi?

— Anifuatilie mimi au deni lake? Akiona mzigo umedoda atanishauri niache bidhaa hiyo, au atanisukumia mwingine amalize stoo yake? Na siku nikisikia pengine wanauza jumla kwa bei ya chini, nikamwomba ushauri mlezi wangu, atanijibu nini?