Kyoto Jumamosi na Jumapili: nipangeje, na nile nini mtaani?

Swali
Wakuu, nina siku mbili tu Kyoto, Japani, nafikia karibu na stesheni kuu. Nataka madhabahu ya Fushimi Inari, mahekalu ya Kiyomizu-dera na Kinkaku-ji, na soko la Nishiki. Sili nguruwe wala chenye pombe.

Jibu 1
Jumamosi saa 12 asubuhi uwe Inari. Hapafungwi, hakuna kiingilio. Panda treni ya JR Nara Line, kituo cha pili, yeni 150. Angalia usipande treni ya "Rapid", inapita Inari bila kusimama. Umati wote hubanana kwenye malango mekundu ya mwanzo. Ukipanda mpaka Yotsutsuji, njia panda ya mlimani, unapumua, na mji wote uko chini yako.

Ukishuka, usirudi stesheni kuu. Chukua treni ya Keihan hadi kituo cha Kiyomizu-Gojo, kisha upande kilima kwa miguu kama dakika 25 hadi Kiyomizu-dera. Kiingilio yeni 500. Toka kwa ngazi za Sannenzaka, pitia mtaa wa Gion, utatokea Nishiki. Vichochoro vya Gion vyenye bango la faini ya yeni 10,000 ni vya watu binafsi, usiingie.

Jibu 2
Kinkaku-ji iwe Jumapili, hufunguliwa saa 3 asubuhi. Usipande basi kutoka stesheni, foleni itakula asubuhi yako. Nenda kwa treni ya chini ya ardhi hadi Kitaoji, ndipo uchukue basi la 204 au 205. Mlango wa kupandia ni wa nyuma. Unalipa yeni 230 ukishuka mbele. Sanduku la nauli halirudishi chenji, kwa hiyo vunja noti ya 1,000 kwenye mashine ya humo ndani kabla ya kituo chako. Ile tiketi ya basi ya siku nzima inayosifiwa kwenye miongozo ya zamani ilishafutwa.

Jibu 3
Kwenye chakula, nguruwe mara nyingi utamwona. Shida zaidi ni mirin, pombe tamu ya mchele inayojificha kwenye michuzi. Tako tamago, kale kapweza kekundu kenye yai la kware kichwani, kwa kawaida huchemshwa kwenye mchuzi wa aina hiyo. Afadhali samaki wa shioyaki, yaani wa kuchoma kwa chumvi tupu, au njugu za kuri (chestnut) za kukaanga. Uliza: "Mirin haitte imasu ka?", yaani "Kuna mirin ndani?"

Nishiki nenda kabla ya saa 10 jioni, maduka hufunga mapema. Na ule palepale kibandani: kutembea unakula hawataki, na kijiti cha mshikaki utabaki nacho mkononi, maana mapipa ya taka barabarani ni ya kutafuta.