Plastiki ya wanga wa muhogo inapasuka ikikauka, nakosea wapi?

Sufuria_Moja
Wakuu habari zenu. Nina kama mwezi hivi nahangaika na hii kitu ya kutengeneza plastiki ya kuoza kwa wanga wa muhogo, yaani kuna sufuria hapa nyumbani haipikiwi tena chochote imeshakuwa yangu. Vipimo vyangu ni hivi: wanga gramu 10, maji mililita 60, siki kijiko kimoja cha chai, glisarini nusu kijiko cha chai. Nakoroga kwenye moto mdogo mpaka ule weupe upotee uji uwe kama kamasi, namwaga kwenye trei, natandaza, naanika juani. Siku ya kwanza iko poa, ya pili inaanza kujikunja pembeni kama jani kavu, ya tatu imepasuka mistari mistari kama tope la bwawa lililokauka. Nikasema basi glisarini ndo ndogo, nikapandisha hadi vijiko viwili, haikupasuka kweli ila inanata vidole na mvua ikinyesha inatoa jasho kabisa. Nikajaribu kuweka nyuzi za mkonge nazo zikajisokota bonge moja katikati kama kiota cha ndege. Lengo langu ni vikombe na visahani. Nakosea wapi jamani, na kuna aliyepata kitu kisicholowa maji?

Mwiko_Mrefu
Mkuu hebu tufanye hesabu kwanza. Nusu kijiko cha chai cha glisarini ni kama gramu 3, maana glisarini ni nzito kuliko maji, kwa hiyo kwa wanga gramu 10 ulikuwa kwenye asilimia 30 na hapo ndipo wengi tunaanzia. Vijiko viwili ni gramu 12 na ushee, yaani glisarini imezidi hata wanga wenyewe! lazima inate, glisarini yenyewe inavuta unyevu wa hewani ndo maana mvua ikija unaona jasho. Kwa hiyo kipimo chako cha mwanzo hakikuwa na shida, shida ni jua.

Angalia, umemwaga uji ambao sehemu kubwa ni maji, na yale maji yote lazima yatoke. Ukianika juani juu panakauka haraka panafanya ngozi, chini bado mbichi, halafu kitu chote kinataka kusinyaa na pembeni kimeshika trei, sasa hapo kitaenda wapi zaidi ya kupasuka? Anika kivulini penye upepo, siku mbili tatu, usiwe na haraka. Mimi naminya kingo kwa vipande vya mbao pande zote nne, inakauka ikiwa imenyooka kama ngozi ya ngoma.

Kingine usiitoe motoni mapema. Punje za wanga zinaanza kuvimba na kupasuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu hivi, ukiona weupe umepotea pembeni unadhani imeiva kumbe katikati bado kuna punje nzima nzima, na kila punje ambayo haijapasuka ni sehemu ambayo ufa utaanzia. Endelea kukoroga mpaka yote iwe kama kioo na iwe nzito kwenye mwiko. Mapovu yakiwa mengi gongagonga trei mezani kabla haijashika.

kemia_ya_jikoni
Mwiko kasema vizuri naongezea kidogo. Hata ukikausha vizuri, plastiki ya wanga inazidi kuwa ngumu kadiri siku zinavyokwenda, ile ya wiki ya kwanza inakunjika, baada ya muda ukiikunja inalia kach. Ni kwa sababu molekuli za wanga ulizozitawanya kwa moto zinaanza taratibu kujipanga tena. Glisarini inakaa katikati yao inazichelewesha tu. Wanga una molekuli za aina mbili, amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi mengi, muhogo una amilosi kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo ukitaka karatasi ngumu zaidi changanya na wanga wa mahindi uone tofauti.

Siki mimi siweki siku hizi.

Mwiko_Mrefu
Hapo tunatofautiana ndugu yangu 😂 siki kidogo inakatakata yale matawi uji unatandazika laini. Ila ukizidisha na ukapika muda mrefu inakata kupita kiasi, unapata kitu dhaifu. Kijiko kimoja kinatosha.

Bibi_Miche
Nyuzi. Wanangu hapa ndo mnapokosea wote, mnaona nyuzi kama chumvi ya kunyunyiza mwishoni. Zikate fupi kabisa, milimita 3 hadi 5, zikiwa ndefu zitajisokota tu hata ukoroge mpaka kesho. Halafu ziloweke kwanza, zichambue ndani ya maji hadi kila uzi uelee peke yake, ndipo utie wanga kwenye hayo hayo maji yakiwa baridi, ndipo motoni. Mwanzo weka gramu moja tu kwa wanga gramu 10.

Wengine wanachemsha nyuzi kwenye kostiki soda ili itoe nta na lignini (ile gundi ngumu ya asili ya mmea) wanga ushike vizuri, ni kweli inasaidia lakini ile kitu inababua ngozi na jicho ikiingia ni hatari. Vaa glavu na miwani, soda ndo inatiwa kwenye maji na sio maji kwenye soda, na usithubutu kutumia sufuria ya alumini maana soda inaila na kutoa gesi inayolipuka. Kama huna vifaa achana nayo, chukua karatasi chakavu, zirowanishe usiku kucha, zipondeponde. Karatasi ni nyuzi ambazo mtu mwingine ameshakusafishia.

Kuhusu vikombe nikwambie ukweli mjukuu wangu, sahau. Wanga unapenda maji. Ukipaka nta ya nyuki utapata muda kidogo kwa kitu cha baridi, ila mimina chai nta yote inayeyuka. Mimi nilihangaika na bakuli muda mrefu halafu nikajiuliza, ni kitu gani nakihitaji kilowe na kioze? Vikopo vya miche! Natengeneza vya karatasi na nyuzi kwa wingi, wanga unabaki kuwa gundi tu, na glisarini siweki kabisa maana sihitaji kikunjike. Mche ukifika wakati wake unafukiwa na kikopo chake, mizizi haiguswi. Angalizo moja, kausheni vizuri kabla ya kuvipanga, mara ya kwanza nilivibebanisha vikiwa na unyevu vikaota ukungu wa kijani, na vile vilivyopona panya wakala. Panya nao wanajua wanga.

Sufuria_Moja
Bibi shikamoo na asante sana 😂. Swali moja, mbona kuna vikombe vinauzwa vimeandikwa vya mahindi na havilowi?

kemia_ya_jikoni
Hivyo mara nyingi ni PLA mkuu, ni kitu kingine. Wanga unageuzwa sukari, bakteria wanaichachusha kuwa asidi ya laktiki, halafu kiwandani zile asidi zinaungwa kuwa polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli. Haufanyi hiyo kwenye sufuria. Na PLA haiozi kirahisi, inataka lundo la mboji lenye joto karibu nyuzi 60, ukiifukia bustanini utaikuta miaka na miaka. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432 kinataka kifungashio kioze asilimia 90 ndani ya miezi sita lakini ni kwenye mazingira ya mboji ya kiwandani, watu wanasoma neno kuoza wanadhani ni popote. Karatasi yako ya wanga inayokutesa hiyo ndo inaoza kweli.

Sufuria_Moja
Mrejesho wakuu. Nimerudi kwenye nusu kijiko, nimeanika kivulini siku tatu, kingo nimeminya kwa rula na vipande vya mbao. Imetoka nzima! ina kovu moja la povu katikati basi, ukiielekeza dirishani unaona kidole upande wa pili. Vikopo vitatu vya karatasi pia viko juani sa hizi, ila kimoja kimegoma kutoka kwenye kopo nililotumia kama kalibu.

Bibi_Miche
Marahaba. Kopo lako limenyooka, tafuta lililopanuka mdomoni, na ndani ulipake mafuta kidogo. Na hicho kilichogoma usikivute, kiache kikauke kitasinyaa chenyewe kiachie.