Betelgeuse nyekundu, Rigel ya bluu: ipi imezeeka?

Kaskazi_07:
Wakuu, naombeni ufafanuzi kuhusu kundi la Jabari, lile vitabu vingi huliita Orion. Bega moja kuna Betelgeuse, nyekundu kama kaa la moto. Mguuni kuna Rigel, nyeupe inayoelekea bluu. Inasemekana nyota nyekundu ni nzee na ya bluu ni changa. Ni kweli? Na yawezekana Betelgeuse ilishalipuka zamani, tunaona nuru iliyokuwa njiani tu? La mwisho: kwenye picha ya simu zote hutoka nyeupe. Kosa liko wapi?

Mpima_Anga:
Hapo rangi na umri vimechanganywa. Rangi inakuambia joto la uso wa nyota, basi. Chuma kwenye moto wa mhunzi huanza chekundu, kikizidi joto huwa cha manjano, kisha cheupe. Uso wa Betelgeuse una nyuzi kama 3,300 za Selsiasi, wa Jua 5,500, wa Rigel karibu 12,000.

Urefu wa maisha ya nyota unaamuliwa na uzito. Nyota nzito ina haidrojeni nyingi, ndiyo mafuta yake, lakini kiini chake kimebanwa sana na kina joto kali, kwa hiyo inaimaliza upesi mno. Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado lina akiba ya bilioni 5 hivi. Betelgeuse, yenye uzito wa Jua mara 15 hadi 20, ina miaka kama milioni 10 tu na tayari iko ukingoni.

Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini kilichobaki cha heliamu hujikunyata na kuzidi joto, na haidrojeni iliyokizunguka huanza kuwaka. Tabaka za nje zinasukumwa, nyota inavimba. Nishati ikitawanyika kwenye uso mkubwa kiasi hicho, uso unapoa, ndipo wekundu unapotokea. Betelgeuse ingekaa mahali pa Jua ingeimeza Dunia, na Mirihi pia.

Sasa geuka utazame Kilimia, kile wakulima walichohesabia misimu. Nyota zake angavu ni za bluu, na zina miaka kama milioni 100. Yaani bluu hiyo ina umri mara kumi wa Betelgeuse nyekundu! Kanuni ya "nyekundu ni nzee" inavunjika hapo hapo, ndani ya anga moja.

bintiSuheli:
Kuhusu kulipuka: Betelgeuse iko umbali wa miaka ya nuru kati ya 500 na 700, yaani nuru yake huchukua miaka hiyo kutufikia, na mlipuko unatarajiwa ndani ya miaka 100,000 hivi. Uwezekano kwamba ulishatokea, nuru iko njiani, haufiki hata asilimia 1. Mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020 ilififia hadi kukaribiana na Bellatrix, bega la pili la Jabari, watu wakadhani wakati umefika. Ilikuwa gesi iliyotemwa na nyota yenyewe, ikapoa ikawa vumbi na kuziba sehemu ya nuru.

Kaskazi_07:
Asanteni sana. Nikitaka kujua kama inafifia tena, nilinganishe na nini?

bintiSuheli:
Procyon na Aldebaran, nyota mbili angavu za jirani na Jabari. Kwa kawaida Betelgeuse iko kati yao: hafifu kuliko Procyon, kali kuliko Aldebaran. Subiri zote zipande juu. Nyota iliyo nyuzi 30 tu kutoka upeo wa macho, nuru yake hupita kwenye hewa mara mbili ya ile ya utosini, inapungua. Na usiikodolee macho! Nyota nyekundu ukiitazama mfululizo gizani huonekana inazidi kung'aa. Tupia jicho, hamia nyingine, rudi.

Mpima_Anga:
Picha: kihisi cha kamera kikijaa nuru, rangi zote tatu (nyekundu, kijani, bluu) hufika kikomo na matokeo ni meupe. Acha hali ya usiku ya otomatiki, tumia ya mkono. ISO (wepesi wa kamera kwa nuru) 800, muda wa kupokea nuru sekunde 4 hadi 8, mizani ya weupe ifunge kwenye kelvini 5,000. Simu ikae kwenye stendi, na weka kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Kisha fokasi ipoteze kidogo: nyota inakuwa kiduara, nuru inasambaa, rangi inabaki. Ukizidisha sekunde 15, Jabari itaacha mistari, maana nyota zilizo kwenye ikweta ya anga ndizo zinazosogea haraka kuliko zote. Kwa Dar es Salaam katikati ya Januari, inafika juu kabisa saa nne na robo usiku hivi.