Saa 1,000 za ukungu wa chumvi ni sawa na miaka mingapi baharini?

FundiKibirizi:
Habari zenu wanajukwaa. Karakana yetu ya hapa Kibirizi, Kigoma, imezoea kutengeneza boti za chuma za ziwani, na sasa tumepata oda ya fremu za vizimba vya samaki zitakazokaa baharini, upande wa Pangani. Muuzaji wa rangi ya epoksi ametupatia cheti kinachoonyesha kwamba rangi yake imepimwa kwa ISO 9227, kiwango cha kimataifa cha kupima kutu kwa ukungu wa chumvi, na kustahimili saa 1,000 za ukungu wa chumvi. Mteja anataka tumwandikie kwamba saa hizo ni sawa na miaka kadhaa. Je, ni mingapi? Na je, tunaweza kujipimia wenyewe kwenye ndoo kwa chumvi ya Uvinza, tukiizidisha na kuyapasha maji moto ili kutu ije haraka?

MkemiaTabora:
Ndugu Fundi, usimwandikie mteja idadi yoyote ya miaka, kwa sababu hakuna hesabu inayokubalika ya kugeuza saa hizo kuwa miaka. Katika kipimo hicho, maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita hupulizwa kama ukungu, mfululizo, ndani ya chumba chenye nyuzijoto 35. Bahari haifanyi hivyo: inajaa na kupwa, chuma kinalowa na kukauka, jua linaipiga rangi, na viumbe wanajishikiza juu yake. Zinki, ile inayopakwa juu ya chuma ili kukikinga na kutu, ndiyo inayoonewa zaidi humo chumbani, kwa kuwa ngozi yake ya kujikinga hujengeka inapopata nafasi ya kukauka na kukutana na hewa ya kabonidayoksaidi, nafasi ambayo ukungu usiokoma hauipi. Cheti hicho kinafaa kwa kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba rangi ya leo haijapungua ubora ikilinganishwa na ile ya mwezi uliopita kutoka kiwanda kilekile.

MzeeWaUjiji:
Wanangu, meli ya Liemba ya hapa Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na ikarudi kazini. Chuma kizuri hakiogopi maji.

MkemiaTabora:
Shikamoo mzee. Mitambo yake ilipakwa grisi nzito kabla ya kuzamishwa, na zaidi ya hayo ilikuwa ndani ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi: lita moja ya Ziwa Tanganyika ina kloridi, ile sehemu ya chumvi inayochochea kutu, ya makumi machache ya miligramu, ilhali lita ya bahari ina takriban gramu 19. Meli hiyo haiwezi kuwa shahidi wa mambo ya Pangani.

Maabara_Pwani:
Niongezee kuhusu ndoo. Kuzidisha chumvi hakusaidii, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kutu ya chuma cha kawaida huongezeka hadi chumvi ifike karibu asilimia 3, kisha hupungua, kwa kuwa maji mazito ya chumvi hayabebi oksijeni ya kutosha, ambayo kutu huihitaji. Joto nalo lina mikono miwili, kwani huharakisha mmenyuko lakini huifukuza oksijeni hiyohiyo. Tena chumvi ya mezani huongezwa madini joto, na hata ikiwa safi haina magnesiamu na kalsiamu za kutosha, ambazo baharini hutanda juu ya chuma kama chokaa na kupunguza kasi ya kutu.

Kwa chuma kisichopakwa rangi, maabara hutumbukiza kipande ndani ya maji ya bahari, hukipa volti ndogo sana, takriban milivolti 10 juu na chini ya hali yake ya kawaida, na kusoma mkondo wa umeme unaopita. Kasi ya kutu hupatikana kabla siku haijaisha. Majibu hayo lazima yathibitishwe kwa mizani. Mfano: kipande cha sentimita 10 kwa 10, kikihesabiwa pande zote mbili, kikipoteza gramu 3 kwa siku 90, kimeliwa kwa kasi ya milimita 0.077 hivi kwa mwaka. Lakini huo ni wastani tu. Tafuta pia shimo lenye kina kirefu kuliko yote, kwa sababu fremu hutoboka mahali pamoja.

FundiKibirizi:
Nimewaelewa vizuri. Kwa hiyo kwa vipande vilivyopakwa rangi nifanye nini?

Maabara_Pwani:
Paka rangi vipande vyenye mshono wa kuchomea, vikiandaliwa sawasawa na fremu yenyewe, kisha chora mstari kwa ncha kali hadi chuma kionekane. Mwombe mteja avitundike Pangani, vingine chini ya maji daima na vingine pale mawimbi yanaporukia, ambapo chuma huliwa zaidi. Kila baada ya miezi mitatu, bandua rangi iliyolegea kandokando ya mstari kwa kisu butu, na upime kutu imeingia milimita ngapi chini yake. Baki na vipande vingine karakanani ili uwe na cha kulinganishia.