Majamvi manne

*Kikundi: WAJUKUU WA BI MKUBWA, PIKI, PEMBA*
*Jumamosi, Julai*

Salma, 06:12
Asalaam alaykum nyote. Mmeamkaje?

Salma, 06:12
[picha]

Salma, 06:13
Hiyo ni chupa ya mafuta ya nazi ya bibi. Yameganda yote, meupe kama mshumaa. Nimeyachokoa kwa kijiti ndio nikapata ya kumpaka mtoto kichwani. Kipupwe kimeingia, msiulize tena.

Shangazi Riziki, 06:20
Waalaykum salaam. Iweke juani au iegemeze kwenye birika la chai. Usiitie motoni, mwaka juzi Mize kapasua chupa nzima.

Mize, 06:21
Shangazi jamani, hilo halifi?

Maryam Unguja, 06:24
Huku Mwanakwerekwe nako si kwema. Jana kwenye daladala nimekaa na mtu kavaa sweta, juu yake koti, juu yake shuka. Nikadhani anahama.

Ami Khatib Leicester, 06:31
Nyuzi ngapi huko?

Salma, 06:32
Simu inasema 22.

Ami Khatib Leicester, 06:33
22! 😂 Huku ikifika 22 watu wanavua mashati wanakwenda kulala kwenye majani.

Shangazi Riziki, 06:35
Na Januari ukitupigia simu meno yanagongana, kuna aliyekucheka? Na mbona huko ni usiku, hulali?

Ami Khatib Leicester, 06:36
Natoka zamu ya usiku.

Maryam Unguja, 06:38
Bibi anaendeleaje na baridi hii?

Salma, 06:41
Alhamdulillah. Alikuwa analalamika upepo wa kusi unampiga kwa chini, si unajua kile kitanda chake cha kamba. Juzi hakulala kabisa. Lakini jana kalala fofofo, mimi ndiye niliyemwamsha alfajiri.

Maryam Unguja, 06:41
Mashallah.

Shangazi Riziki, 07:05
Haya, tuingie kwenye kazi. Jana wachumaji wameleta karafuu, tumechambua mpaka saa nne za usiku, vidole vyote vyeusi, makonyo mbali, karafuu mbali. Leo jua limetoka, nataka nianike kabla haijaja rasharasha. Nimekwenda stoo, majamvi hayapo. Nimekuta kamba tu ya kufungia.

Mize, 07:07
Si yalichukuliwa na kaka Kombo Jumatano? Siku ile aliyochukua fomu. Alikuwa na wageni, hakuna pa kukalia.

Faki, 07:08
Mheshimiwa Diwani 😂😂

Shangazi Riziki, 07:08
Faki.

Faki, 07:08
Shangazi, sijataja chama.

Shangazi Riziki, 07:10
Kikundi hiki ni cha harusi, maradhi, maziko na karafuu. Ya fomu mkayazungumze barzani.

Ami Khatib Leicester, 07:13
Muacheni Riziki, anajua anachokikimbia. Nyie wadogo hamkuiona Pemba ya baada ya 1995. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, wengine hata maziko. Mtu ana homa na ndugu yake nyumba ya pili haji kumjulia hali, sababu bendera. Mie nilikuwa kijana, nikaona kawaida. Sasa nikikumbuka naona haya.

Faki, 07:14
Ami, mie namtania tu. Kombo ndugu yangu.

Mize, 07:15
Kombo kasoma zote. Tiki za bluu hizo.

Shangazi Riziki, 07:17
@Kombo majamvi yako wapi baba? Karafuu mbichi si mchezo. Ikilala gunia siku mbili inapata joto lake, inageuka mpeta, na mpeta shirika la karafuu halikupi bei ya maana. Tumelipa wachumaji kwa pishi, nani atarudisha pesa?

Faki, 07:19
Shangazi mie ninalo turubai, nilete?

Shangazi Riziki, 07:20
Turubai linashika maji kwa chini, karafuu inatoka jasho. Na barabarani sianiki, usije ukaniambia. Siuzi mchanga mie. Nataka majamvi.

Mize, 07:22
Kombo anaandika…

Mize, 07:24
Kaacha.

Kombo, 07:31
Asalaam alaykum. Samahanini wazee wangu, nilikuwa kikaoni.

Shangazi Riziki, 07:31
Kikao saa moja asubuhi?

Kombo, 07:33
Wajumbe, Shangazi. Kura za maoni za chama zimekaribia, kila mjumbe anataka umfuate kwake, unywe chai yake. Tangu alfajiri nimekunywa vikombe sita vya tangawizi, tumbo linawaka.

Mize, 07:34
Angalau hufi baridi.

Shangazi Riziki, 07:34
Majamvi, Kombo.

Kombo, 07:38
Niliyakunja vizuri nikayaweka ukumbini ili jana niyarudishe. Asubuhi nikakuta ukumbi mtupu. Mama watoto anasema walikuja vijana kuazima, wana shughuli yao usiku, akawapa. Hakuuliza.

Salma, 07:39
Vijana gani?

Kombo, 07:41
Wa ile maskani ya chini ya mwembe.

Mize, 07:41
Maskani ya kina Faki???

Maryam Unguja, 07:42
Lo!

Ami Khatib Leicester, 07:43
Nimekosa usingizi kabisa sasa.

Mize, 07:46
@Faki yakhe, mbona kimya?

Faki, 07:52
Sikujua kama ni ya bibi. Niliyakuta pale, watu wamejilaza, baridi, tunaangalia mpira. Yameandikwa jina?

Salma, 07:54
Kila moja lina ukili mmoja mwekundu katikati. Kayasuka bibi mwenyewe kwa miyaa, macho yake yakiwa bado mazima. Umekulia juu yake wewe, umetahiriwa ukalazwa hapo hapo.

Faki, 07:55
Basi ndiyo hayo hayo 🙈 Nayaleta.

Faki, 07:58
Tatizo honda haiyachukui. Majamvi yenyewe makubwa.

Kombo, 07:59
Nakuja na gari, nisubiri hapo mwembeni.

Faki, 08:00
Gari yenye bendera? Isimame maskani kwetu, nipakie mbele ya wenzangu? Watanisema mpaka Oktoba.

Kombo, 08:00
Na mie wakiniona nashusha mizigo kwenye maskani yenu, wale wajumbe wa chai wataniacha hivi hivi.

Shangazi Riziki, 08:01
Bendera ifunikeni kwa jamvi. Karafuu zinaniozea hapa.

Salma, 08:09
Bibi kasikia nacheka peke yangu kaniuliza kuna nini. Nimemhadithia. Anasema niwaandikie maneno yake.

Salma, 08:16
Bibi: "Mwaka 1957 mie kigori, baba kenda kupiga kura mwezi wa Julai, kipupwe kama hiki, kajitanda blanketi mpaka puani. Sie wanawake hatukuwamo bado. Ya 1963 nayo Julai, hapo na mie nikapiga. Riziki nimemfunga mgongoni kwa kanga mbili kwa baridi, analia mstari mzima, watu wananipisha mbele ili anyamaze."

Shangazi Riziki, 08:17
Kumbe mie nilianza siasa mapema 😄

Maryam Unguja, 08:19
Hata ile kura ya maoni ya 2010, ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilikuwa 31 Julai. Nakumbuka mama kanipa sweta lake nilivae.

Shangazi Riziki, 08:20
Maryam, umeanza.

Maryam Unguja, 08:20
Nazungumzia sweta, Shangazi.

Salma, 08:24
Bibi anauliza siku hizi karatasi ngapi?

Kombo, 08:27
Tano bibi. Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Halafu Rais wa Muungano na mbunge.

Salma, 08:30
Bibi: "Na diwani kazi yake nini?"

Kombo, 08:33
Mambo ya wadi bibi. Taka, soko, taa, vijia vya ndani.

Salma, 08:35
Bibi: "Na majamvi?"

Faki, 08:35
😂😂😂😂

Ami Khatib Leicester, 08:36
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Kombo, 08:37
Niko njiani bibi.

Shangazi Riziki, 09:02
Mawingu yanakusanyika upande wa kusini. Mko wapi nyie?

Mize, 09:20
Nimewaona! Wamepita dukani kwangu wote wawili kwenye gari, madirisha wamefunga, Faki kajivika kofia mpaka machoni asionekane. Jamvi liko juu ya boneti.

Salma, 09:33
Wamefika.

Salma, 09:34
[picha]

Shangazi Riziki, 09:36
Naona matatu.

Kombo, 09:37
Shangazi nimeyapokea matatu.

Faki, 09:37
Kwetu yalikuwa matatu, wallahi.

Shangazi Riziki, 09:38
Mize, si umesema kachukua yote?

Mize, 09:39
Mie niliona anapakia, sikuhesabu.

Kombo, 09:40
Nilichukua matatu. La nne nililiacha stoo, limefungwa kwa ile kamba.

Shangazi Riziki, 09:41
Kamba nimeikuta. Jamvi sijaliona. Karafuu hizi haziingii kwenye matatu, nikizirundika hazikauki. Nani kalichukua?

Maryam Unguja, 09:43
Mwizi wa jamvi Piki? Dunia imekwisha.

Salma, 09:47
Jamani.

Salma, 09:47
[picha]

Salma, 09:48
Nimekwenda kumtandikia bibi kitanda. Liko chini ya godoro, limekunjwa mara nne. Kumbe jana magharibi kamwambia Seif amtolee stoo amwekee, ndio maana kalala.

Mize, 09:49
Na muda wote tunatafuta, yeye anauliza diwani kazi yake nini 😭

Salma, 09:51
Bibi: "Nyie mmeuliza Kombo na Faki. Mie hamkuniuliza. Upepo unaniingia kwa chini, msinitoe."

Shangazi Riziki, 09:52
Hatukutoi mama, lala.

Shangazi Riziki, 09:53
Faki.

Faki, 09:53
Naam Shangazi.

Shangazi Riziki, 09:54
Lile turubai, lete.