Huyu mwalimu wenu wa kinanda anajiona nani jamani?

Wakuu, nimetoka mazoezini sasa hivi, nina hasira mpaka simu inateleza mkononi. Yule jamaa mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa tai hata siku ya mazoezi, anayetamka "jazi" kana kwamba kazaliwa New Orleans.

Tuko kwenye pambio, tunakaribia kurudi C, nikasema leo niwatoe watu ushamba. Badala ya kodi ya G7 ya kila Jumapili (kodi ya muziki, noti kadhaa kwa mpigo mmoja) nikaangusha G13. Kamili! G, B, D, F, A, C, E, noti zote saba, si nimekesha nayo mpaka Tanesco wakanionea huruma wakakata? Kwaya nzima kimya. Jamaa akaja taratibu, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akauinua kutoka kwenye kinanda kama anatoa panya aliyefia kabatini. Akasema: "Hiyo siyo kodi, hiyo ni ajali."

Vidole VIWILI, wakuu. Sauti ya kwanza walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mpiga ngoma, ambaye tangu aumbwe hajawahi kuanza pamoja na sisi, naye eti anacheka!

Mambo ya nadharia sitaki. Kumi na tatu ni kumi na tatu, ukitaka pungufu sema. Lakini mkono wa mtu mzima unauinuaje? Mbele ya yule dada wa mstari wa kwanza? Mkono ukabaki hewani, sijui niushushe au nipunge niage kabisa.

Kidole Gumba: Pole mkuu, ila umebana B na C ndani ya G halafu unataka tukuonee huruma? Hiyo C ndiyo inayogombana na B, itoe. D nayo haina kazi, itoe. G mwachie mpiga besi, wapiga piano wa jazi akina Bill Evans walishafanya hivyo tangu miaka ya 1950. Unabaki na F, A, B, E, mkono wa kushoto peke yake unatosha. Zoezi: shika F, A, C, E, hiyo ni D maina 9. Usihamishe mkono, shusha kidole cha C tu kiende B. Tayari una G13. Kisha E, G, B, D, umefika nyumbani C. Polepole, ukizoea peleka zoezi lote kwenye ufunguo wa F, halafu B flati.

Mleta uzi: Darasa nimeliomba wapi? Mimi naongelea MKONO. Vidole viwili!

Sauti ya Pili: Nilikuwepo 😂😂 Amesahau kuwaambia kwamba aliendelea kukanyaga pedali, ile ajali ikaendelea kulia na mkono uko juu.

Mzee wa Flati: B flati atafika saa ngapi huyo? Anapiga C tu, mkimwambia E flati anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kuhamisha ufunguo. Siku ile akasahau kuirudisha, mama zetu wakaimba "Amina" huko juu mishipa imewatoka.

Mleta uzi: Transpozi imewekwa na kiwanda, kashtaki kiwanda.

Besi Nne: "G mwachie mpiga besi." Naomba hiyo ibandikwe ukutani. Mimi nabeba ampu kwenye daladala kutoka Mbagala, konda ananitoza nauli ya watu wawili, nafika nakuta mkono wa kushoto wa kinanda umeshajaa kwenye noti zangu. Na spika moja, tunagombania! Huyo mwalimu mnayemlaumu angewainua wote.

Sauti ya Pili: Afadhali wewe una spika. Sisi maiki moja watu tisa, na aliyeishika ndiye asiyejua wimbo.

Mpangaji Sugu: Mimi nimeona kodi nikaingia mbio. Mwenye nyumba wangu anataka ya miezi sita, bomba halitoi maji, na luku tunachangia na wenye friji.

Besi Nne: Friji mnachangia sawa kwa sawa? Huo ni wizi.

Mpangaji Sugu: Mbili zao, feni moja yangu. Nikiuliza naambiwa mimi ndiye ninayechelewa kuzima taa.

Mleta uzi: Jamani, mkono wangu.

Kidole Gumba: Subiri kwanza. Mkuu, chumba kiko upande gani? Kimara kuna kimoja wanapokea ya miezi mitatu.