Kinga ya umeme (baiskeli yenye motere) haianze, butike inasema "motere imekufa" na HABANA HATA MULTIMETRE!!!

Jambo yenu bote, ba yaya na ba ndugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingine. Niko na hasira ya kweli leo na sitazunguka. Kama unapanga kununua kinga ya umeme mu hii mji yetu, soma mbele ya kutosha dola zako, na kama wewe njo mwenye kuuzisha soma pia, juu uzembe yenu tunailipa siye.

Yangu nilinunua mu butike moja ya katikati ya mji, jina sitaandika lakini benyewe batajitambua. Ni ile ya batri ya volti 48, motere iko ndani ya gurudumu ya nyuma, unatia gazi na mukono wa kuume ao unakanyaga pedali na motere inakusaidia. Haikukuwa kitu ya kutembeza raha. Inabeba mikate ya bibi yangu kutoka bulanjeri mpaka ku ba kioski ya Ruashi asubui giza ingali, na kwa ile kazi ilikuwa muzuri sana, esansi hakuna, oili hakuna, motari (mutu wa kubeba na pikipiki) wa kulipa hakuna, unasharje usiku kama umeme iko, basi. Njo maana inaniuma hivi. Lubumbashi iko tambarare, haiko Bukavu ya milima, hii kitu ingeweza kusaidia hata bale ba ndugu benye kusukuma makala ku kinga kutoka njia ya Kasenga, magunia imepandana mpaka hauone mutu mwenye anasukuma. Lakini na bauzishaji ba namna hii nani atathubutu?

Imenisimamia mu mvua ya mwezi wa kwanza, njia ya Kasenga, pale penye mashimo. Ekrani inawaka, batri inaonyesha mistari yote imejaa, unatia gazi, kimya. Unapedali, kimya. Kisha ukisukuma kidogo na kutia gazi inatikisika tak tak tak tak halafu inakufa tena. Mushike hii ya kutikisika mu kichwa, juu ile peke yake ilitosha kumwambia fundi yeyote mwenye anajua kazi kwamba motere HAIJAKUFA. Motere yenye imekufa kabisa haitikisike.

Nimeisukuma mpaka ku butike. Kijana mwenye eko ku reparasyo hata hakuinama, ameangalia ekrani, ametia gazi, ameniambia "Papa, motere imekufa hii, iko ya kubadirisha." Nimemuuliza umepima nini? Kimya. Nimemuuliza muko na multimetre? Anasema patron njo alienda nayo. Mi nauliza, butike inauzisha vyombo vya umeme vya mamia ya dola na kifaa ya kupimia umeme haiko, sasa banajua kitu imekufa namna gani, kwa kuangalia sura yake?

Patron amefika, nimetosha fakture, garanti ya miezi sita imeandikwa na muhuri iko. Anasema "Ndugu, maji iliingia, garanti haishike maji." Sasa minauliza bote hapa, mvua mu Lubumbashi inanyesha kuanzia mwezi wa 11 mpaka karibu mwezi wa 4, karibu nusu ya mwaka, wewe unauzisha kinga ya barabarani na garanti yako inaisha mvua ikianza? Ungesema ile siku nilikuwa nahesabu dola mbele yako. Na maji HAIKUKUWA shida, utaona chini.

Kisha wakati nakataa kununua motere mpya, patron anasema basi tubadirishe kontrolere (kale kasanduku kenye kanagawia motere umeme), pengine njo yeye, ulipe tu ile piesi. Nimelipa, juu bibi eko anangojea mikate na nilikuwa nalipa motari kila asubui. Kijana amekata fili (nyaya) za kontrolere ya zamani, ameunganisha ile ingine rangi na rangi, njano ku njano, kijani ku kijani, bluu ku bluu, ameziba na skochi. Ametia gazi, gurudumu imelia gggrrr, imetetemeka, kontrolere imekuwa moto mpaka haushike. Yeye anaendelea kutia gazi! Namwambia leki yangu (mudogo wangu) acha, anasema "inatafuta, papa, ngoja." Haitafuti kitu. Inaungua.

Nieleze hapa juu haba bafundi bengi hawaelezi. Hizi motere hazina makaa (brashi za kupitisha umeme) ndani, ni za fili tatu nono, na kontrolere njo inagawa umeme kwa zamu mu zile tatu ili gurudumu izunguke. Ili ijue zamu ya nani, mu motere kuko basensa batatu badogo ba Hall benye banasikia sumaku ikipita, na kila moja iko na fili yake nyembamba, kisha kuko nyekundu ya kupeleka volti 5 na nyeusi, jumla fili tano nyembamba. Sensa moja ikikosekana kontrolere inakuwa kipofu, inatia umeme kwa zamu mubaya, gurudumu inatikisika bila kuzunguka. Na rangi haziko sawa kwa kila mutengenezaji! Fili nono tatu unaweza kuzipanga namna 6, nyembamba tatu namna 6, jumla mipango 36, na mingi kati yao itafanya motere ivute umeme mwingi bure na kuunguza kontrolere. Kwa hiyo "rangi na rangi" ni kubahatisha, na anabahatisha na falanga ya mutu mwingine.

Nimetoka pale kinga haitembee na dola zimeenda. Kontrolere yangu ya kwanza nimeomba, banasema itabakia kwao kwanza "kwa kuangalia".

Mutu mwenye alinisaidia haana butike ya kinga, ni kijana mwenye kutengeneza maradio na ba televizyo kule Katuba, kameza kadogo, parasoli moja, na multimetre. Hakusema neno mbele ya kupima. Ameanza ku batri. Batri ya 48 kama yangu iko na seli 13 za kufuatana, ikijaa ni volti 54.6, ikifika karibu 40 inajifunga yenyewe. Yangu ilikuwa 53 na kitu. Lakini hakuishia pale, amenituma nitie gazi yeye eko anaangalia namba, juu batri ya kuchoka inaweza kuonyesha namba muzuri imekaa na kuanguka mara tu unaomba nguvu, ekrani inakudanganya na mistari yake. Yangu haikuanguka. Kisha ametosha fiche (plagi) ya fre (breki) zote mbili, juu ndani ya mukono wa fre kuko kontaki yenye inakata motere ukifunga, na ikinasa matope kontrolere inaamini unafunga fre siku yote. Ba ndugu, ile ni ya bure, hata multimetre hauitaji, tosha fiche ujaribu, na pale butike haikufikiria hata mutu mumoja!

Gazi amepima, volti 5 inaingia, ile ya kurudi inapanda kutoka 0.8 mpaka 3 na kitu. Iko muzima. Ameenda ku fili nyembamba za motere, anazungusha gurudumu na mukono polepole polepole, kijani inaruka 0, 5, 0, 5, bluu vile vile, njano imebakia ku 5 haisogee. Amefuata ile fili na vidole mpaka penye inaingia ku eksi (ile chuma ya katikati ya gurudumu), na pale njo tumeona. Kable imezungushwa, ngozi imekatika, fili ya njano imekatwa kabisa. Juu ya nini? Juu nati za eksi zilikuwa lejeje (zimelegea) na ile chuma ya kushikilia eksi isizunguke HAIKUWEKWA. Motere ikisukuma, eksi inataka kuzunguka upande mwingine, hakuna kitu inaishika, inazunguka, inakunja kable. Ile kinga ilifungwa na nani? Na bale bale ba butike. Mi sijafungua gurudumu hata mara moja, nati zilikuwa zingali na rangi yao ya kiwanda upande wa inje. Ni kosa la mikono yao, na banataka kunilipisha motere nzima kwa fili moja nyembamba!

Ameunga fili, ameziba muzuri na ka mupira ka kukaza na moto. Tumejaribu, bado. Hapo ameshika gurudumu, nzito, inazunguka kwa kukwama kwama. Ametosha fili tatu nono ku kontrolere, gurudumu imekuwa mwepesi mara moja. Maana yake ile kontrolere yenye baliniuzia imeungua ndani, imeshikana, inafanya motere ijifunge yenyewe. (Na kama yako iko vile usiisukume mbali na fili zimeunganishwa, juu gurudumu ikizunguka motere inatoa umeme na inaendelea kuchoma.) Kwa hiyo motere yenye "imekufa" iko muzima, na kontrolere yenye balisema itaniponyesha njo imekufa, na bao njo baliiua mbele ya macho yangu.

Nimerudi ku butike na majibu yote, nimepeleka hata picha ya kable. Sikuomba kitu ya ajabu: munirudishie kontrolere yangu ya kwanza yenye haikukuwa na shida, mukamate ile ya kuungua, murudishe falanga ya piesi, na muweke chuma ya eksi yenye mulipashwa kuweka toka mwanzo. Unajua patron amejibu nini? "Ile ya zamani tulisha kutupa." KUTUPA! Kitu ya mutu! Mulisema mutaangalia! Na ile ya kuungua anasema imeungua "kwa yule mutu wako wa radio", wakati kijana wake mwenyewe alikuwa anaitia gazi nikimwambia aache. Nimeomba mpango wa fili basi, anipe hata karatasi, anasema iko mu kitabu, kitabu ni Kichina tupu na haina mpango wowote ndani.

Kitu inanichoma kuliko yote, mu hii jimbo na Lualaba pale pembeni munatoka kobalti, Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, makamio inapita hapa kila siku inaenda Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia, na batri nyingi za lithiumu duniani ziko na ile kobalti ndani. Na mutu wa Lubumbashi akikatikiwa fili moja, hakuna piesi, hakuna karatasi, hakuna mutu wa kupima, kuko tu "nunua mpya". Sensa ya Hall ni kitu ndogo kuliko punje ya muhindi, bengi batengenezaji banaweka ile ya kuandikwa 41F, butike ingeweza kuwa na mia yake mu sanduku ya viberiti. Habana hata moja. Banaleta kontena ya kinga bila kapu ya piesi, juu banajua ukikwama utarudi ununue ingine.

Kwa benye beko na shida kama yangu leo, usikubali mutu abadirishe kitu chochote mbele ya kupima, simama pale uone namba na macho yako. Batri kwanza, na usisahau sharjeri, juu na hii delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) umeme inarudi na nguvu inaiua, ya batri ya 48 yenye seli 13 kama yangu inapashwa kutoa volti 54.6. Kisha fre, gazi, fili nyembamba, eksi. Motere njo ya mwisho kabisa. Ukisikia "motere imekufa" mu dakika ya kwanza, kamata kinga yako utoke. Na piesi yako ya zamani usiiache nyuma hata kama banakuambia haiko na kazi. Ku benye hawajanunua bado, siku ya kununua piga magoti angalia ku eksi ya gurudumu ya motere kama ile chuma iko, na omba baandike ku fakture kwamba garanti inashika mvua. Wakikataa kuandika, utaelewa.

Sasa niko nahitaji kontrolere ya volti 48 kwa motere ya wati 500, yenye fili za sensa, na kama uko nayo okazio (yenye ilisha kutumika) nitaipima mbele ya kulipa, usikasirike. Pia kama kuko mwenye alinunua kinga mu butike ya hapa mjini na alikuta eksi haina chuma ya kushikilia, andika hapa chini, weka na picha ya fili zako. Nataka tuende ku yule patron tukiwa bengi, na ba fakture mu mukono, aseme mbele yetu bote kama ni maji.